Parapanda ya Mtongwe

Ijumaa iliyopita kina mama wa kanisa letu walikuwa wakisugua msalaba wa shaba na vinara vya mishumaa, kwa kuwa kesho yake tulikuwa tunamzika nyanya yangu. Nilikwenda kuwasaidia. Nikaingia kwa mlango wa ubavuni, na ile harufu ya dawa ya kung'arishia shaba ikanipiga puani, kali, ya kuwasha, nami hapo hapo nikageuka nikatoka. Mama mmoja akaniita, "Kadzo, waenda wapi? Matambara yako haya huku!" Nikamwambia nakwenda kununua maji. Uwongo mtupu. Nilikaa kwenye ngazi ya nje nikalia, na sikuwa nikimlilia nyanya.

Baba yangu alikuwa mwanajeshi, na harufu ile ndiyo iliyokuwa harufu yake akija likizo. Alikuwa akikaa kibarazani na kopo la dawa, kipande cha leso kuukuu ya Mama mkononi, akisugua bizimu la mshipi wake mpaka ukiliangalia unaona meno yako. Mama alikuwa akimtania, "Bizimu hilo walipenda kuliko mimi." Baba naye hakukosa jibu: "Bizimu halinuni, mke wangu." Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa, msije mkadhani tulizaliwa tukilia.

Nayaandika haya sasa kwa kuwa Hawe amekufa. Hawe ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Akiwa hai nisingethubutu, na mtaona kwa nini. Nayaandika pia kwa kuwa nyinyi wa rika langu mnaniudhi, sikufichini. Kila siku ya kuwakumbuka askari ikifika mnabandika bendera kwenye simu zenu, mnaandika "mashujaa wetu", na saa moja baadaye mnaweka picha ya biriani. Sisemi ni vibaya. Lakini mimi sikuwa na shujaa nyumbani. Nilikuwa na baba, aliyekoroma na kuimba vibaya, na aliyeogopa kuku.

Tuliishi Mtongwe, kwenye kiwanja alichokinunua babu alipokuja kutoka Kaloleni kutafuta kibarua. Kanisa lilikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu. Mwalimu wetu wa sande skuli alikuwa msichana mmoja mchangamfu, Mwalimu Mapenzi, na mambo yote alitufundisha kwa michezo. Mchezo tulioupenda kuliko yote ni wa parapanda. Alituambia kuwa parapanda ni tarumbeta la Mungu, na kwamba siku ya mwisho litalia, na waliokufa wakiwa wa Kristo wataamka kwanza. Basi tulikuwa tunalala chali kwenye jamvi, macho tumefumba, tumekufa. Mwalimu Mapenzi anatuzunguka, ngumi mdomoni, halafu anapuliza kwa mashavu yake mwenyewe: "Paaa! Pa-paaa!" Hapo walio wa Kristo wanaruka juu. Wale waliopiga wenzao au waliosema uwongo wiki ile walikuwa wakiguswa bega na kuambiwa, "Wewe umebaki," nao walilazimika kulala hapo hapo huku sisi tukiwaruka kwenda mbele kuimba. Kuna kitoto kimoja kilibaki kila Jumapili mpaka kikazoea, kikawa kinalala usingizi wa kweli. Mimi sikubaki hata siku moja. Nilikuwa na maringo hayo, we acha tu.

Likizo yake ya mwisho, nilimfundisha Baba mchezo huo. Nilikuwa na miaka minane. Nikamwambia alale mkekani, amekufa.

"Nimekufa na nini?" akauliza.

"Umekufa tu, Baba. Fumba macho."

Akalala, mikono kifuani. Nikazunguka mkeka, nikaweka ngumi mdomoni nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Baba akakoroma. Nikapuliza tena. Akakoroma zaidi, mpaka Hawe akaja kuchungulia dirishani.

"Baba! Imelia! Mbona huamki? Una dhambi?"

Akafumbua jicho moja. Kicheko kilimfutika usoni, nilikiona kikifutika, ila sikujua ni kwa nini. "Mimi nina usingizi mzito, Kadzo," akasema. "Siku hiyo ikilia, usije ukaniacha. Nitikise, uniite, hata unipige kofi, mpaka niamke. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Niahidi."

Nikamwahidi. Mama akasema kutoka jikoni, "Nyie, mambo hayo si ya kuchezea." Baba akainuka akaenda kulisugua bizimu lake, na siku ile hakuimba.

Kuna jambo jingine nililiona likizo ile, nalo nilikuja kulitumia vibaya. Jumapili Baba alikaa benchi la nyuma kabisa. Watu walipoinuka kwenda kupokea meza ya Bwana, yeye alitoka nje. Nilimfuata nikamkuta amechutama, anafungua kamba za viatu na kuzifunga tena. Nikamuuliza mbona haendi mezani wakati zamani alikuwa akienda. Akasema, "Viatu vyanibana, mama." Nikamwamini. Mtoto wa miaka minane ataacha kuamini viatu?

Alirudi ng'ambo ya mpaka, walikokuwa wakipigana. Hazikupita wiki nyingi. Asubuhi moja Mama alikuwa nje ya geti akikaanga bajia za kuuza, gari la jeshi likasimama, wakashuka padri wa jeshi na afisa mmoja wa kike. Mama aliiona ile kola nyeupe ya padri. Akainama akaendelea kugeuza bajia. Wakamsalimu, akaitikia bila ya kuinua macho, akageuza bajia. Zikawa za kahawia, zikawa nyeusi, zikaanza kutoa moshi, naye anageuza. Jirani yetu Bi Mwana, mama wa Kiislamu ambaye ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja, ndiye aliyetoka akaelewa. "Innalillahi," akasema. Akaja akamshika Mama kiganja. "Mama Kadzo, lete hicho kijiko. Lete, mwanangu. Moto nitauzima mimi."

Mama akasafirishwa Nairobi kwenda kumtambua. Alikaa siku mbili. Aliporudi, alirudi na sanduku lililofunikwa bendera, na askari sita, na midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Waliliweka sanduku sebuleni juu ya viti viwili, na padri wa jeshi akasema kwa upole kwamba halitafunguliwa.

Hawe alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, hajatia kitu mdomoni tangu juzi. Akainuka. "Halifunguliwi vipi?" akauliza. "Mimi ndiye niliyemzaa. Nimzike mwanangu simuoni uso?"

"Mama," padri akasema, "ni vyema umkumbuke alivyokuwa."

"Wewe mwanangu, sikukuuliza hilo." Akaweka viganja viwili juu ya bendera, akaanza kuivuta. Askari mmoja kijana akatazama chini. Hakuna aliyethubutu kumgusa.

Mama ndiye aliyekwenda kumshika. Alimwita mama mkwe wake kwa heshima siku zote, na hata siku ile. "Mama, acha. Mimi nimemwona. Ni yeye. Amelala vizuri, wamemvisha sare yake. Niamini."

Hawe akaiachia bendera. "Wewe umemwona," akasema. "Mimi sikumuona." Tangu siku hiyo mpaka Jumatano aliyokufa, Hawe hakuwahi kulitamka neno marehemu juu ya mwanawe.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, karibu na la babu. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama upande wa Bi Mwana. Mimi nilivishwa gauni jeupe la Krismasi na nikashikishwa maua. Nililia kwa kuwa kila mtu alilia, lakini sikuelewa kilichokuwa kikiendelea. Kasisi wetu akahubiri. Akasema tusilie kama watu wasio na tumaini. Askari wakaliteremsha sanduku kwa kamba, wakapiga risasi hewani, watoto wakapiga mayowe. Halafu nikamwona askari mwingine, aliyekuwa amesimama peke yake kando ya choo. Alikuwa ameshika tarumbeta. La shaba, limesuguliwa mpaka linaumiza macho.

Jamani, sijui niwaeleze vipi furaha niliyoipata. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja: kwa nini sanduku halikufunguliwa, kwa nini kasisi alituambia tusilie. Kumbe ni leo! Wameileta parapanda yenyewe! Nikayatupa yale maua, nikakimbia ndani, nikachukua champali za Baba, ndara zake za wazi, chini ya kitanda, maana nilijua wamemvisha viatu, na viatu vyake vilikuwa vikimbana. Nikarudi mbio nikapenya miguuni mwa watu mpaka ukingoni.

Likalia. Si kama la Mwalimu Mapenzi. Lilikuwa refu na la huzuni, na liliingia mpaka mbavuni. Askari wote wakakauka, mikono vichwani wakipiga saluti. Likamaliza. Pakawa kimya. Sasa najua kuwa kimya kile ni cha utaratibu, kwamba ndivyo wanavyomheshimu mwenzao. Siku ile niliona watu wamesimama tu wanamwangalia Baba abaki.

Nikakumbuka ahadi yangu. Nikapiga magoti pale ukingoni, nikaita, "Baba! Imelia! Amka, Baba!"

Nikaita tena, kwa nguvu, nikatupa champali moja ikagonga ubao wa sanduku: "Baba, ni mimi Kadzo! Amka, wanakuacha!"

Na hapo hapo, Mungu nisamehe, lile tarumbeta likalia mara ya pili. Safari hii lilikuwa la haraka, la kuchangamka. Ndivyo wanavyofanya mazishini: la kwanza la kumlaza askari, la pili ndilo lile la kuamsha kambi asubuhi. Nani angeniambia? Nilidhani Mungu amenisikia, ameamuru lipulizwe tena kwa ajili ya wenye usingizi mzito. Nikapiga makofi. Nikacheka. Msichana mdogo amepiga magoti kaburini kwa baba yake, anacheka na kupiga makofi, na umati mzima ukaangua kilio nisichopata kukisikia tena maishani. Kisha wakaanza kutupa udongo.

"Msimfukie!" nikapiga kelele. "Bado! Anaamka! Msimfukie!" Bi Mwana ndiye aliyenibeba. Nilimng'ata mkono mpaka damu ikatoka, naye hakuniachia. "Nyamaa mwanangu," alikuwa akisema, "nyamaa, nyamaa," huku machozi yake yakinilowesha shingo. Nilimtafuta Mama kwa macho. Alikuwa amesimama, amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na alikuwa akinitazama mimi, hatazami kaburi. Miaka minne nilidhani anaona nimemwaibisha.

Mtoto hatafuti kuelewa polepole. Anachukua alichonacho na anakijumlisha. Parapanda imelia mara mbili. Nimemwita. Hakuamka. Walio wa Kristo huamka kwanza. Baba hakuwa akienda mezani. Jibu lilikuwa moja tu: Baba alikuwa amebaki. Nilikwenda kwa Mwalimu Mapenzi wiki iliyofuata nikamuuliza, "Mwalimu, wale wanaobaki huwa wanakwenda wapi?" Alinitazama, akajua namuuliza nini. Masikini, alikuwa na miaka ishirini tu. Akasema, "Kadzo, mambo hayo ni ya Mungu mwenyewe." Mchezo wa parapanda haukuchezwa tena kanisani kwetu. Nami nikaona hilo ndilo jibu, kwamba hata mwalimu anaogopa kunitajia moto kwa mdomo wake.

Sasa niwaambie desturi ya kanisa letu, maana huku ndiko jambo lilikoniuma. Familia za kambi ya jeshi ni nyingi Mtongwe, na kanisa halina ukuta wa kuandika majina ya waliokufa vitani. Tuna Jumapili moja kila mwaka ambapo kasisi huyaita majina, kama wanavyoitana askari asubuhi kwenye mstari. Anaita, na mtu wa nyumba ile anasimama anaitika. Huwa ni mtoto wa kwanza. Mvulana anaitika naam, msichana anaitika abee, kama unavyoitika ukiitwa nyumbani na wazazi. Kasisi alikuwa akieleza kila mwaka kwa maneno yale yale: hatuwaombei wafu, wala hatumwiti mtu arudi, wala hatusifu vita. Bwana wetu aliwajua watu kwa majina yao. Tunasema tu kwamba jina hili bado lina nyumba. Watu wakizidisha kuwapamba askari alikuwa akiwakatiza. Aliwaambia kuwa msalaba wetu ni mmoja, na aliyekufa juu yake hakushika bunduki.

Mwaka wa kwanza kasisi akaita, "Koplo Katana." Mama akanigusa goti. Sikusimama. Akaita tena. Kanisa zima likageuka. Nikatazama miguu yangu. Kuitika kwa ajili ya mtu aliyebaki, niliona, ni kumdanganya Mungu nyumbani kwake. Akaita mara ya tatu, na Mama akainuka nusu, akasema "abee" kwa sauti ndogo, ya mtu anayeomba radhi. Ikawa hivyo miaka minne. Jina la Baba likiitwa, mimi nakaa kama nimegandishwa, na Mama anaitika kwa niaba yangu. Nyumbani hakunipiga wala hakunigombeza. Aliniuliza mara moja tu, "Baba yako alikukosea nini?" Nikatoka nje. Hawe, ambaye macho yalikuwa yanakwenda kwa mtoto wa jicho, alikuwa akinung'unika benchini, "Mbona nyumba hii haiitiki? Mwanangu ataitwa mpaka lini?"

Nilipofika miaka kumi na miwili niliyasema. Ilikuwa Jumamosi, kesho yake majina yataitwa, na mimi na Mama tulikuwa tunachambua mchele kwenye uteo. Hawe alikuwa kwa Bi Mwana. Mama akasema, "Kesho, Kadzo, nakuomba. Usiniache nisimame peke yangu tena."

Nikamjibu bila ya kumtazama. "Siwezi kumwitikia mtu aliye motoni."

Uteo ukamponyoka, mchele ukamwagika sakafuni. "Umesema nini?"

"Parapanda ililia mara mbili, Mama. Nilimwita. Hakuamka. Hakuwa akienda mezani, nawe ulikuwa ukiona, mnanificha nini? Baba alibaki!" Nilikuwa napiga kelele sasa. Miaka minne yote ilinitoka kwa pumzi moja.

Mama hakulia. Alikaa chini kabisa, katikati ya mchele, akaniambia nifunge mlango. Nikafunga.

"Ulikuwa unamwamsha nani, mwanangu?" akasema. "Baba yako hakuwemo mle."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Bomu lilikuwa la barabarani. Wale watu hawakunidanganya, Mungu awabariki, waliniambia ukweli wote kule Nairobi. Kilichopatikana ni mkono. Mkono wa kulia, kuanzia hapa." Akajishika chini ya kiwiko. "Niliujua kwa kovu lake la panga. Yaliyobaki ni mchanga. Mimi ndiye niliyewaomba watie mchanga sandukuni, lipate uzito, Hawe asijue. Nikamwambia mama wa watu kwa kinywa changu kwamba nimemwona amelala vizuri. Halafu nikakusikia wewe unamwita aamke. Nilijiziba mdomo kwa sababu nilikuwa nataka kusema, mbele za watu wote, nyamaza mtoto, unauita mkono."

Nikamwendea, nikakaa naye chini. Nikauliza swali la kijinga: "Na viatu? Hakuwa akienda mezani kwa sababu ya viatu?"

Mama akatikisa kichwa. "Alimpiga mtu risasi, karibu sana, akamwona uso. Kijana. Alipokuja likizo akaniambia, siwezi kuunyoosha mkono huu pale mbele niwekewe mwili wa Bwana. Mkono huo huo, Kadzo. Nikampeleka kwa kasisi kwa nguvu. Wakakaa mchana mzima. Kasisi akamwambia, umesamehewa, njoo mezani. Akasema atakuja likizo ijayo, ngoja kwanza azoee kuamini."

Nje watoto walikuwa wanafukuzana. Mama akaokota punje chache za mchele, akazitia kwenye uteo, akaziacha.

"Wewe ndiye uliyesoma sande skuli," akasema. "Niambie. Siku hiyo ikifika, ataamkia wapi? Huku uliko mkono, au kule aliko yeye? Maana mimi usiku na mchana nawaza nitakwenda kumpokea wapi."

"Sijui, Mama."

"Hata mimi sijui. Basi hilo ni la Mungu, ajuaye kila alipo. Langu ni kuitika akiitwa. Na nimechoka kuitika peke yangu." Akanishika kidevu. "Hawe asijue. Akijua atakufa."

Nikamwahidi. Hiyo ilikuwa ahadi yangu ya pili juu ya Baba, nami nimeishika mpaka wiki iliyopita. Tukaokota mchele ule punje kwa punje mpaka Hawe akarudi, akauliza mbona chakula kimechelewa, na Mama akasema kuni zilikuwa mbichi.

Kesho yake tulikaa benchi la tatu, Mama katikati, mimi kushoto, Hawe kulia. Macho ya Hawe wakati huo yalikuwa meupe kabisa, mchana aliona kivuli na usiku hakuona kitu. Kasisi akaita majina mawili, yakaitikiwa. Kisha akaita, "Koplo Katana," na nilimwona akiweka kidole kwenye karatasi, tayari kwa zile mara tatu alizozizoea.

Nikasimama. Abee ilikuwa imeshafika kwenye ulimi, nikaimeza. Aliyeitwa si mimi. Miaka minne nimekaa kitako jina la baba yangu likiitwa, angalau leo aitike mwenyewe.

"Naam!" nikasema, kwa sauti nzito kadiri kifua changu kilivyoweza.

Mama alinibana mkono mpaka vidole vikaniuma. Na kulia kwake, Hawe, ambaye hakuna aliyemwambia lolote, aliinuka haraka kuliko nilivyopata kumwona akiinuka, akaupa mgongo msalaba, akageukia mlangoni na kunyoosha mikono yote miwili.

"Katana?" akasema. "Ndiwe?"